Mirathi ya Mwislamu nchini Kenya: uende kwa kadhi au kwa jaji wa Mahakama Kuu?

Mama mmoja wa makamo alinishika mkono nje ya jengo la mahakama, Mombasa. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake cheti cha kifo cha mumewe, barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya watoto na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: nyumba, shamba la minazi, akaunti ya sacco. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikimwendea jaji badala ya kadhi, hataniongezea hiyo thumni yangu?"

Thumni ni moja ya nane ya mali, fungu la mjane ambaye mumewe ameacha watoto. Nilimjibu hapana, na ningependa kila familia ya Kiislamu nchini ijue sababu kabla haijamlipa wakili hata shilingi moja. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilirekebishwa mwaka 1990. Tangu hapo inasema wazi kwamba mali ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Haikusema "akienda kwa kadhi". Imesema mali yake, basi. Jaji wa Mahakama Kuu, awe Mwislamu au Mkristo, naye anafungwa na faraidhi, yaani mafungu ya urithi yaliyowekwa na sheria ya Kiislamu. Mwenye kumkimbia kadhi ili ayakwepe mafungu atayakuta yamemtangulia kwa jaji.

Tuiweke hesabu mezani, maana maneno matupu hayashibishi. Mtu amefariki, ameacha mama yake, mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Gharama za mazishi zimelipwa, madeni yamelipwa, hakuna wasia. Kilichobaki kina thamani ya shilingi 4,800,000. Mama wa marehemu anachukua sudusi, moja ya sita, yaani 800,000. Mke anachukua thumni, yaani 600,000. Zinabaki 3,400,000 za watoto, na mtoto wa kiume ana mafungu mawili dhidi ya fungu moja la binti. Kwa hiyo ni mafungu manne ya 850,000: kijana 1,700,000, kila binti 850,000. Kadhi wa Lamu atafika hapo, na jaji wa Malindi atafika hapo hapo. Kama kulikuwa na wasia, wote wawili watauliza swali lile lile: je, umevuka theluthi, na je, umempa mrithi ambaye tayari ana fungu lake bila ridhaa ya wenzake?

Basi kama hesabu ni moja, kuna haja gani ya kuchagua? Haja ipo. Wanaokaa kwenye viti viwili hivi hawana mamlaka sawa, na familia nyingi zimepoteza miaka kwa kuingia mlango usiofaa shida yao.

Aliyeketi mbele yako ni nani

Kadhi yumo ndani ya Katiba. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinataka kuwe na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Kinamtaka kadhi awe Mwislamu, tena mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Cheo hiki ni cha zamani kuliko Kenya yenyewe. Makadhi walikuwa wakihukumu katika mwambao huu enzi za Sultani wa Zanzibar. Waingereza walipoutwaa ukanda wa maili kumi kwa mkataba wa 1895 waliwaacha waendelee, na mwaka 1963, kabla ya uhuru, serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwa maandishi kwamba mamlaka yao yalindwe. Kwa hiyo kadhi si sheikh wa mtaa aliyepewa muhuri. Ni afisa wa mahakama, na hukumu yake ni hukumu ya serikali.

Lakini mahakama yake ni mahakama ya chini, iko kundi moja na ya hakimu. Jaji yuko juu yake. Ili kuwa jaji wa Mahakama Kuu lazima mtu awe na shahada ya sheria na tajriba ya miaka isiyopungua kumi. Huapishwa baada ya kuteuliwa na Rais kwa pendekezo la Tume, na hawezi kuondolewa kabla ya kustaafu akiwa na miaka 70 ila kwa uchunguzi wa jopo maalumu. Ulinzi huo umewekwa kwa ajili yako wewe mwenye kesi: jaji anaweza kumkasirisha tajiri au waziri na bado akaenda kazini kesho yake.

Cha msingi ni hiki: kadhi anaijua faraidhi kama fundi anavyoujua mkono wake, ila mipaka yake ya kuamrisha ni myembamba. Jaji ana mamlaka mapana mno, lakini faraidhi huenda akailetewa na mawakili kwenye makaratasi.

Mipaka ya kadhi, na kwa nini ni lazima uijue

Kifungu cha 170(5) kimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na kila neno lake lina uzito. Kadhi anaamua masuala ya sheria ya Kiislamu yahusuyo hali ya mtu, ndoa, talaka au mirathi. Na hata hayo, ni pale tu wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka yake. Yote mawili kwa pamoja, Uislamu na kukubali.

Mjane wa pili ni Mkristo? Kadhi hana mamlaka. Mtoto mmoja amebadili dini? Kadhi hana mamlaka juu yake. Ndugu mmoja, Mwislamu safi kabisa, amekataa tu kwa sababu zake? Mlango umefungwa pia. Mahakama ya Rufaa imeshaeleza kwamba Mwislamu halazimishwi kupeleka mirathi kwa kadhi. Mlango wa Mahakama Kuu uko wazi kwake. Watu wengi huudhika wakilisikia hili, wakaona ni dharau kwa dini. Mimi naona vinginevyo. Mamlaka ya kadhi yanasimama juu ya ridhaa, na hukumu iliyotolewa juu ya mtu aliyeridhia haivunjwi kirahisi.

Mpaka wa pili ni mali yenyewe. Wenyeji wa Majengo, Mombasa, wanalijua jambo hili vizuri: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kodi ya kiwanja unalipa kila mwezi. Baba akifa, kadhi anaweza kuamua nyumba ile ina warithi wangapi na kila mmoja ana fungu gani. Hawezi kuamua ugomvi wenu na mwenye kiwanja. Huo ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Vivyo hivyo kama kuna mtu wa nje anayedai kwamba marehemu alimuuzia shamba kabla ya kufa. Huyo si mrithi, hayumo kwenye faraidhi, na kumvuta mbele ya kadhi ni kujipotezea muda.

Anachokupa kadhi ambacho jaji hakupi

Lugha kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, na mahakama za chini Kiingereza au Kiswahili. Andika hilo kwa wino mwekundu. Kwa kadhi, bibi wa miaka 70 kutoka Faza anasimama na kusema maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili chake, na yule anayemsikiliza anaelewa "hiba", "eda", "mahari", "radhi" bila kuelezwa. Kwa jaji atapewa mkalimani, na kila aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mahakama anajua kinachopotea njiani. Neno "alinipa" kwa bibi yule lina maana ya hiba, zawadi ya mtu aliye hai, iliyokamilika: baba alitamka, mimi nikapokea, funguo nikakabidhiwa siku hiyo hiyo. Likifika upande wa pili limekuwa "he gave me", na wakili wa ndugu yako anauliza iko wapi hati ya uhamisho.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ugomvi mwingi wa mirathi ya Pwani hauko kwenye mafungu kabisa, uko kwenye hiba. Baba alisema nyumba ya mbele ni ya Fatuma kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Je, alimkabidhi akiwa hai, au ilikuwa ahadi ya baada ya kufa? Kama alikabidhi, nyumba haimo kwenye mirathi. Kama ilikuwa ya baada ya kufa, ni wasia kwa mrithi, na bila ridhaa ya wenzake haisimami. Kwa swali la namna hiyo ningemchagua kadhi mara tisa kati ya kumi.

Halafu ushahidi. Kuna wanawake waliotishwa na ndugu zao kwamba kwa kadhi shahidi wa kike hahesabiwi sawa. Si kweli mbele ya sheria ya Kenya. Sheria ya Mahakama za Kadhi, kifungu cha 6, inamtaka kadhi awasikilize mashahidi wote bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na aamue kwa kupima ukweli wa ushahidi wenyewe, wala si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Binti akiambiwa vinginevyo na kaka yake, amwonyeshe kifungu hicho.

Jambo moja dogo kwa familia zisizo za Kishafii, madhehebu ya Sunni ya wengi wa Pwani: mwambieni kadhi madhehebu yenu siku ya kwanza. Kwa Sunni, binti pekee anachukua nusu na kilichobaki kinaweza kwenda kwa ami yake. Kwa Ithnaasheri, ambao ni Mashia, binti huyo anamzuia ami asipate kitu.

Anachokupa jaji ambacho kadhi hakupi

Nguvu. Mamlaka ya Mahakama Kuu katika kesi za madai na za jinai hayana kikomo cha thamani. Jaji anaweza kuzuia mauzo ya shamba asubuhi hiyo hiyo dhidi ya mtu yeyote, mrithi au si mrithi, Mwislamu au si Mwislamu. Anaweza kuifuta hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa uongo, kwa mfano mtu aliyeapa kuwa yeye ndiye mtoto pekee huku ana ndugu watano. Tena sehemu ya Sheria ya Urithi inayohusu usimamizi wa mali inawagusa Waislamu pia pale isipopingana na sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo anayeuza au kutapanya mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa la jinai, hata akiwa kaka mkubwa, hata akiwa ndiye anayeshika funguo.

Utaratibu wake ni mrefu na uko wazi. Maombi yanafunguliwa na barua ya chifu ikitaja warithi wote, tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, hati inatolewa, kisha kwa kawaida ni miezi sita kabla ya kuithibitisha ili mali igawanywe. Kwa familia inayopendana ni kusubiri kunakochosha. Kwa familia yenye mtoto aliyefichwa, au mke wa Tanga ambaye wa Mombasa hawamjui, tangazo lile ndilo linalomwokoa.

Sasa nifike kwenye tofauti iliyo nzito kuliko zote, maana niliposema hesabu ni moja niliacha kitu kimoja. Hesabu ni moja mkishakubaliana nani ni mrithi. Hapo ndipo viti hivi viwili vinaweza kuachana.

Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Sunni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anamrithi mama yake, hamrithi baba. Katiba kwa upande wake inakataza ubaguzi kwa misingi ya kuzaliwa. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe, lakini kwa kiasi kile tu kinachohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Mbele ya jaji, ngao hiyo ni nyembamba. Na mwezi Juni 2025, katika shauri lililopanda kupitia Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu, iliyo juu ya hizo zote, iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa inayotambuliwa na dini wasinyimwe urithi wake kwa sababu ya kuzaliwa kwao.

Rudi kwenye ile 4,800,000. Ongeza binti mmoja wa nje ambaye mahakama imemhesabu. Mama wa marehemu bado ana 800,000. Mjane bado ana 600,000. Zile 3,400,000 za watoto sasa ni mafungu matano ya 680,000: kijana anashuka kutoka 1,700,000 hadi 1,360,000, kila binti kutoka 850,000 hadi 680,000. Ndiyo maana yule mama niliyemkuta mlangoni hakuwa na cha kuongezewa wala cha kupunguziwa. Thumni yake ilikuwa imesimama palepale kwa kuwa tayari alikuwa na watoto wa ndoa. Wanaoshindana kwa kweli juu ya mlango gani uingiwe ni watoto.

Najua hukumu ile imewaumiza wengi, na wanazuoni wana haki ya kuipinga kwa hoja. Lakini anayefungua kesi leo lazima aipange akijua ipo. Kama wewe ndiye mtoto uliyeachwa nje, au unamlea mtoto huyo, nenda kwa jaji. Kama ninyi ni ndugu wa ndoa na mnajua kuna mtoto wa namna hiyo, msidhani kumficha kwenye maombi ya kadhi kumemaliza jambo. Hakukubali mamlaka ya kadhi, kwa hiyo hukumu ile haimfungi, na ataibukia Mahakama Kuu siku nyumba imeshauzwa.

Rufaa

Ukianza kwa kadhi, ngazi ya pili ni jaji wa Mahakama Kuu. Akisikiliza rufaa hiyo hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama wazee wa mahakama wa kumshauri, ingawa hukumu ni yake. Huo ni mpango mzuri sana, naupenda: mwenye mamlaka makubwa amekaa bega kwa bega na mwenye elimu ya faraidhi. Kutoka hapo ni Mahakama ya Rufaa. Ukianza kwa jaji, umeruka ngazi moja. Ukishindwa unakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufaa, na gharama yake si ya mchezo.

Kuna pia hakimu, nisimsahau. Hakimu anaweza kusikiliza mirathi kulingana na cheo chake, Hakimu Mkuu hadi mali ya shilingi milioni 20. Kwa familia ya Kiislamu yenye mali ndogo na ndugu mmoja aliyemkataa kadhi, huyu ni karibu na nafuu kuliko jaji.

Ningekushauri hivi

Warithi wote ni Waislamu, mnajuana, mnachobishania ni mafungu, hiba, wasia au kama talaka ilipita kabla ya kifo: nenda kwa kadhi. Usitafute makubwa. Nenda na cheti cha kifo, orodha ya mali na orodha ya warithi isiyomwacha mtu, na ulizia mapema rejista ya ardhi itataka hati gani ili kubadilisha jina kwenye shamba, usije ukarudi mahakamani mara ya pili kwa karatasi moja.

Kuna mtu wa nje anayedai mali, au mrithi asiye Mwislamu, au msimamizi aliyeanza kuuza, au swali la nani ni mtoto: jaji. Na mtafute wakili aliyewahi kubeba faraidhi mikononi, kwa sababu hapo wakili ndiye atakayeifikisha kwa jaji, na akiikosea utakuwa unakata rufaa ya hesabu.

Sasa kwa wewe uliyepokea wito wa kadhi, hukuifungua wewe kesi, ndugu yako ndiye aliyefungua. Uchaguzi bado ni wako pia, lakini una wakati wake. Kama hutaki mamlaka ya kadhi, sema hivyo kwa maandishi kabla hujajibu jambo lingine lolote, tena siku ya kwanza. Ukishaleta mashahidi, ukahojiwa, ukasubiri hukumu, halafu fungu likawa dogo kuliko ulivyotarajia, ni vigumu sana kumshawishi jaji wa rufaa kwamba hukuwa umekubali.